Hisani na Haki katika Kusadikika

Kitabu cha Kusadikika, alichokitunga marehemu Shaaban Robert wa Tanga na kupigwa chapa mwaka 1951, kimesomwa mashuleni miaka mingi, na mara nyingi wanafunzi huambiwa kwamba ni hadithi yenye mwisho mwema. Sisi twaona mwisho ule wastahili kuchunguzwa zaidi.

Kisa chake wasomaji wetu wengi wakijua. Katika nchi iliyo angani, Karama ashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kuwafundisha watu elimu ya sheria. Naye ajitetea siku sita, akilisimulia baraza habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini kuitafutia nchi manufaa. Kila mmoja alirudi na shauri jema, na kila mmoja aliadhibiwa. Mwishowe mfalme amwachilia Karama, na wafungwa nao wafunguliwa.

Mwandishi amefaulu sana kuonyesha jinsi baraza lililowekwa kuwalinda watu ligeukavyo kuwa mtego wao. Wale sita waliteseka kwa kuitimiza kazi waliyopewa na wakubwa wao wenyewe. Walakini lawama zote amembebesha Majivuno (na mtu aliyepewa jina hilo angekuwaje mwema?), hata msomaji adhani kwamba waziri akiondolewa, nchi imepona. Kumbe kosa liko ndani zaidi. Hapakuwa na neno lililomzuia waziri yeyote, mbaya au mwema, asimtie mtu gerezani kwa shauri lake.

Tena, ule uhuru wa mwisho umetoka wapi? Umetoka moyoni mwa mfalme. Huko ni kufanyiwa hisani, na hisani ina mwenyewe. Hutolewa leo, kesho hunyimwa. Yule mjane wa Injili ya Luka, mlango wa 18, alipatiwa haki yake na kadhi dhalimu kwa kuwa alimchosha kwa kumwendea. Lakini haki ile ilikuwa yake tangu siku ya kwanza, kabla kadhi hajachoka. Wajane wangapi wameishiwa nguvu njiani?

Miaka mitatu kabla ya kitabu hiki kutoka, tarehe 10 Desemba 1948, mataifa yaliyokutana Paris yalipitisha Tamko la Haki za Binadamu. Kifungu cha 9 chakataza mtu kukamatwa au kufungwa ovyo, na cha 10 chataka kila mtu asikilizwe hadharani na mahakama isiyopendelea. Hayo ndiyo waliyokosa wajumbe sita.

Wako wasemao kwamba maneno hayo ni karatasi tu. Na watazame Tanzania. Haki za watu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984. Baadaye mwanamke mmoja wa Kihaya aliuza shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake. Mpwa wake akashtaki, kwa kuwa desturi ilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, na mahakama ya mwanzo ikamkubalia mpwa. Mama yule hakuwa na mfalme wa kumwonea huruma. Alikuwa na Katiba. Mahakama ya wilaya ikamrudishia haki yake, na mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ikathibitisha kwamba mwanamke aweza kuuza kama mwanamume awezavyo. Alishindwa na baraza la kwanza, lakini alikuwa na mahali pa kwenda.

Basi twawaomba walimu wenzetu, wafikapo ukurasa ule wa furaha, wasikifunge kitabu upesi. Na wawaulize wanafunzi wao: kama mfalme angalikataa siku ile, Karama angalikwenda kwa nani?