Bubu Aliyeiona Hatari: Askari Mlemavu katika Filamu ya "Camp de Thiaroye"

Utangulizi

Sanaa inayohusu vita aghalabu humtukuza askari aliye mzima. Katikati ya jiji la Dar es Salaam imesimama tangu mwaka 1927 sanamu ya askari wa shaba, bunduki mkononi, viungo vyake vyote vikiwa kamili. Sanamu hiyo huwakumbusha wapita njia Waafrika waliotumikia jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Haimwonyeshi yule aliyerudi kijijini akiwa na mguu mmoja, wala yule aliyerudi na viungo vyake vyote lakini akili yake ikabaki vitani. Huyo wa mwisho ndiye tunayekusudia kumjadili katika makala haya, kwa kuichambua filamu ya "Camp de Thiaroye", iliyoongozwa na Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow wa Senegal na kutolewa mwaka 1988.

Filamu hii ilitengenezwa kwa ushirikiano wa Senegal, Algeria na Tunisia, na mwaka huohuo ilipata tuzo maalumu ya jopo la waamuzi katika tamasha la Venice. Sembène, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka 2007, alikuwa mwandishi wa riwaya kabla ya kuwa mtengenezaji wa filamu, na yeye mwenyewe aliwahi kutumikia jeshi la kikoloni la Ufaransa katika Vita Kuu ya Pili.

Kisa chenyewe

Kisa kinatokana na tukio la kweli. Mwezi Novemba 1944 kikosi cha askari wa Kiafrika kutoka makoloni mbalimbali ya Ufaransa kilirudishwa Senegal na kuwekwa katika kambi ya Thiaroye, karibu na Dakar. Wengi wao walikuwa wametekwa na Wajerumani na kukaa kifungoni kwa miaka. Walichodai kilikuwa haki yao: malimbikizo ya mishahara na kiinua mgongo. Alfajiri ya tarehe 1 Desemba 1944 jeshi lile lile walilolitumikia liliwamiminia risasi.

Filamu inatuonyesha jinsi mambo yalivyofikia hapo. Askari wananyang'anywa sare nzuri walizopewa na Wamarekani na kuvishwa tena kaptura na kofia nyekundu za kikoloni. Wanapewa chakula kisichostahili binadamu. Fedha walizotoka nazo Ufaransa zinatakiwa kubadilishwa kwa nusu ya thamani yake. Wanapomzuia jenerali kambini usiku mmoja, anawaahidi kwamba watalipwa kwa kiwango cha haki. Wanamwachilia, wanacheza ngoma kwa furaha, na usiku uleule vifaru vinakuja.

Ulemavu na maana yake

Miongoni mwa askari hao yumo mmoja aitwaye Pays, anayechezwa na Sidiki Bakaba, mwigizaji kutoka Ivory Coast. Pays alifungwa katika kambi ya mateso ya Buchenwald, na mateso hayo yamempokonya usemi. Hasemi, hutoa sauti za kooni na kuonyesha kwa mikono. Kichwani huvaa kofia ya chuma ya Kijerumani, asiyotaka kuivua. Hatuna budi kulitazama jina lake kwa makini. Askari wengi katika filamu hii huitwa kwa majina ya nchi walizotoka: yuko Niger, yuko Congo, yuko Gabon. Yeye anaitwa "Nchi" tu, maana hilo ndilo neno "Pays" kwa Kifaransa. Kwa hiyo bubu huyu anabeba jina linaloweza kuwa la nchi yoyote ya Afrika.

Mara tu anapoingia Thiaroye, Pays anaiona seng'enge iliyoizunguka kambi na minara ya ulinzi. Anaikaribia seng'enge, anaigusa, na hofu inamjaa. Mwenzake anauchukua udongo na kumtia mikononi ili aamini kwamba amefika Afrika, kwamba kifungo kimekwisha. Tukio hili ni fupi, lakini ndilo ufunguo wa filamu nzima. Mtazamaji anamhurumia Pays kwa kudhani kwamba amechanganya mambo mawili. Kumbe ni yeye peke yake aliyeyasoma sawasawa: seng'enge ni seng'enge, na mtu anayewekwa ndani yake bila kosa ni mfungwa, awe Ujerumani au Senegal.

Hoja hiyo inafikia kilele usiku wa mwisho. Pays yuko kwenye mnara wa ulinzi, anaviona vifaru vikija. Anakimbilia mabwenini, anawatikisa wenzake, anajaribu kueleza. Wanamtuliza kama mtoto. Wanadhani ameota ndoto ya Buchenwald, wanamwambia alale. Muda mfupi baadaye mizinga inalipuka. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Na hapa waliodharau hawakuwa maadui, bali ndugu waliompenda.

Jambo hili linatufundisha nini? Katika ngano zetu nyingi mlemavu ni wa kuchekwa au wa kuhurumiwa. Hata methali yetu ya hekima, "Hujafa hujaumbika", humwonya mtu mzima kwamba naye yaweza kumpata; haimuulizi mlemavu anajua nini. Sembène na Sow wanamuuliza. Kwao, jeraha la Pays ni elimu iliyonunuliwa kwa bei kubwa, na jamii isiyojifunza namna ya kumsikiliza aliyejeruhiwa hulipa bei hiyo mara ya pili.

Fani

Waongozaji wameutumia mpangilio wa polepole. Filamu inachukua zaidi ya saa mbili na nusu, na sehemu kubwa ni mazungumzo ya kambini juu ya chakula, mavazi na fedha. Mwanafunzi aliyezoea filamu za kivita zenye milipuko tangu mwanzo huenda akachoka. Lakini polepole hiyo ina kazi: dharau inajengwa kidogokidogo, mpaka tunaelewa kwamba risasi ni mwisho tu wa jambo lililoanza jikoni na katika stoo ya nguo.

Matumizi ya lugha nayo ni ya kusifiwa. Askari hawa, waliotoka katika makabila mengi, wanaelewana kwa Kifaransa kilichovunjikavunjika. Sajini Diatta anasema Kifaransa fasaha, na Kiingereza pia. Pays hana lugha kabisa. Hivyo tunawaona watu katika ngazi tatu za usemi, na matokeo ni yaleyale: fasaha, mwenye lugha ya kuungaunga na bubu, wote hawasikilizwi na mtawala.

Kasoro

Filamu haikosi upungufu. Diatta amepewa sifa nyingi mno hata akakaribia kuwa kielelezo badala ya mtu. Wanawake wamepewa nafasi finyu. Kasoro kubwa zaidi inamhusu Pays mwenyewe: hatujui mama yake ni nani, wala kama kuna anayemngoja. Msanii aliyetaka tumsikilize bubu angeweza kutuonyesha walau kidogo maisha yake kabla ya vita. Pengine jina "Nchi" limemwelemea. Amekuwa ishara hata akapunguziwa utu wake.

Hitimisho

Taarifa rasmi za Ufaransa zilitaja waliouawa 35; wanahistoria kadhaa wanasema walikuwa wengi zaidi ya hapo, pengine mamia. Novemba 2024, miaka 80 baadaye, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alimwandikia Rais wa Senegal akikiri kwamba yale yalikuwa mauaji ya halaiki. Aliyoyaona Pays kwa dakika moja juu ya mnara yalihitaji miaka themanini kukubaliwa.

Kwetu filamu hii si habari ya mbali. Askari wa King's African Rifles walirudi kutoka Burma, na baada ya Vita vya Kagera vya 1978-79 wako waliorudi vijijini wakiwa na majeraha ya mwili na ya moyo. Huyu hushtuka usiku, yule hukaa kimya barazani, na watoto humwita kichaa. Mwalimu anayeifundisha filamu hii asiishie kuwauliza wanafunzi dhamira na wahusika. Awatume kwa wazee hao wakakae nao, na wajifunze kungoja hata pale ambapo maneno hayaji. Maana askari wa Thiaroye hawakukosa mtu wa kuwaonya. Walikuwa naye, wakamwambia alale.