Kukumbuka Kulipa na Kukumbuka Kwamba Ulilipa

Katika Kiingereza, "remember to pay" ni kutosahau wajibu wa kulipa. "Remember paying" ni kukumbuka malipo yaliyokwisha fanyika. Wafasiri wengi huyatia yote mawili katika kitenzi-jina kimoja: kukumbuka kulipa. Tuchukue mfano wa mgeni aliyelala katika hoteli ya Kunduchi, naye anajibu dai la deni kwa barua ya Kiingereza. Ikifasiriwa "nakumbuka kulipa", mhasibu atadhani mgeni anaahidi, kumbe anashuhudia kwamba amekwisha lipa. Kosa si la Kiswahili, kwani njia iliyo wazi tunayo: "nakumbuka kwamba nililipa". Vivyo hivyo, "stop fishing" ni kuacha kuvua, bali "stop to fish" ni kusimama ili kuvua. Tunashauri mfasiri apime kwanza lipi lilitangulia, ndipo achague umbo.