Lafudhi ya Ujiji na Hukumu ya Sikio

Mtu wa Ujiji akishuka Dar es Salaam, baada ya safari ya reli ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka ziwani, aghalabu hana haja ya kujieleza. Wengine humweleza wao. Hajamaliza kuuliza njia ya Kariakoo naye huulizwa: "Mzee wangu, Kongo umetoka lini?" Jirani yake kutoka milima ya Kasulu hukutana na swali jingine: yeye huambiwa kuwa ni Mrundi. Wote wawili wamezaliwa Tanzania, na babu zao pia. Lakini kabla ya jina na kabla ya kazi, matamshi yao yamekwisha kuwavusha mpaka. Kwa kawaida jambo hili huishia katika kicheko, na aliyekosewa hucheka pamoja na waliomkosea. Lakini kosa lirudiwalo kila siku, tena na watu wasio wajinga, halifai kuachwa kwenye kicheko. Yafaa liulizwe: sikio husikia nini hasa, na hukumu yake huitoa wapi?

Vitabu vya zamani vimelipa sikio sifa kubwa. Katika kitabu cha Waamuzi, Wagileadi walivishika vivuko vya Yordani, wakamtaka kila avukaye atamke neno moja, Shibolethi. Aliyeshindwa kuitamka sauti ya kwanza alijulikana kuwa Mwefraimu, akauawa; na hesabu ya waliokufa imetajwa kuwa 42,000. Katika Injili ya Mathayo, Petro alipokuwa uani mwa Kuhani Mkuu, usemi wake ndio uliomfichua. Katika visa vyote viwili sikio lilisema kweli, na kwa sababu hiyo visa hivyo vimewazoesha wasomaji kudhani kwamba ulimi hauwezi kusingiziwa.

Bernard Shaw alionyesha upande wa pili. Katika tamthilia yake Pygmalion, iliyochezwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1913, msichana muuza maua wa London anafundishwa kusema Kiingereza cha wakubwa. Katika onyesho la karamu, ambalo Shaw aliliongeza kwa ajili ya sinema ya mwaka 1938, mtaalamu wa lugha anatumwa amchunguze. Anarudi akiwa na hakika: Kiingereza cha mgeni huyu ni safi mno kuwa cha Mwingereza, basi bila shaka huyu ni Mhangaria, tena wa ukoo wa kifalme. Kosa la mtaalamu huyu lina mafunzo. Hakusikia Hangaria katika maneno ya msichana. Alisikia kitu asichokitarajia, akalijaza pengo hilo kwa nchi aliyoijua yeye.

Ndivyo lifanyavyo sikio la Dar es Salaam. Lafudhi ya Ujiji hulifikia mara chache, na ya Kongo hulifikia kila siku kwa njia ya muziki wa dansi. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu katika nchi ya Manyema mwaka 1947 na kuja Dar es Salaam mwaka 1978, aliimba Kiswahili kilichopendwa mjini kwa muda wa miaka mingi. Msikilizaji aliyekulia katika nyimbo hizo anapomsikia mzee wa Ujiji, hukumbuka sauti aliyoizoea, akampa mzee huyo nchi ya mwimbaji. Kufanana kupo, lililogeuzwa ni mwelekeo wake. Humdhania mtu wa Ujiji kuwa amesema kama Mkongo, wala haimjii kwamba huenda Mkongo ndiye aliyesema kama mtu wa Ujiji.

Historia ya Kiswahili inaliunga mkono wazo hilo la pili. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, walikikuta kituo cha misafara ya pwani. Kutoka hapo wafanya biashara, wapagazi na askari wao walivuka ziwa, ambalo upana wake kwa wastani ni kama kilomita 50, wakaenda hadi mto Lualaba. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 aliwakuta huko. Watu wa misafara walijiita Wangwana, na lugha waliyoipanda ng'ambo ikaitwa Kingwana. Msomaji wa Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, masimulizi ambayo Heinrich Brode aliyachapa katika miaka ya 1902 na 1903, ataona jinsi msimulizi aliyezaliwa Unguja anavyoieleza Manyema kuwa mwisho wa njia ianziayo pwani. Kiswahili kilisafiri kwa njia hiyo, na Ujiji ilikuwa mojawapo ya milango yake mikubwa.

Litazamwe sasa neno moja tu, mtu. Msemaji wa Kigoma ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiha aweza kusema mutu, kwa kuwa Kiha, kama Kirundi, kina umuntu. Msemaji wa mashariki ya Kongo naye husema mutu. Msikilizaji wa pwani huidaka u hiyo na kuiita ya Kongo. Lakini u hiyo ndiyo umbo kongwe la kiambishi, na pwani ndiyo iliyoiacha mbele ya konsonanti. Ushahidi umo kinywani mwa huyo huyo anayecheka, maana yeye mwenyewe husema mwana, mwizi na mwezi, na ndani ya maneno hayo u ile ile imesalia kwa sura ya w. Basi alama moja yaweza kuwa ya Mha, ya Mrundi au ya mtu wa Bukavu, na anayeitumia kuamua kwao msemaji huwa amekata shauri kabla ya kusikiliza.

Hii si kusema kwamba lugha za huko hazina alama za kupambanua. Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu, alivitia Kinyarwanda, Kirundi na Kiha katika kundi moja, kwa namba D61, D62 na D66. Ni ndugu wa karibu, lakini si lugha moja. Wanamuziki wenye asili ya Kigoma walipokusanyika mwaka 2012 na kutoa wimbo ulioitwa Leka Dutigite, neno la kwanza la jina lake lilitosha kwa ajuaye: Mha husema leka, Mrundi husema reka, na maana ni moja, acha. Mwenye kuzijua lugha hizi huisikia tofauti ile papo hapo. Asiyezijua husikia "kule" tu, na kule kwake hakuna majina ya ndani.

Kwa nini basi kufanana kwa pwani mbili za ziwa kuliitwa kwa jina la upande mmoja? Jibu limo katika mipaka miwili. Wa kwanza ni wa nchi. Kabla ya vita vya kwanza Burundi na Buha zilikuwa chini ya Wajerumani pamoja. Wabelgiji waliitwaa Kigoma mwaka 1916, na ni baada ya mapatano ya mwaka 1919 ndipo Ruanda-Urundi ilipobaki mikononi mwao, na Kigoma ikarudi upande wa Tanganyika. Mpaka wa pili ni wa lugha. Kiswahili cha Unguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilihudumia Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Tangu hapo mtoto wa Ujiji alisoma vitabu vilivyosahihishwa kwa kipimo cha Unguja, na mtoto wa Uvira hakuvisoma. Lugha iliyokuwa moja ikavikwa nguo mbili. Kila kilichosalia Ujiji bila kusahihishwa na shule kikaanza kuonekana kama kitu kilichoingizwa kutoka ng'ambo, ijapokuwa kilikuwapo Ujiji kabla ya shule zenyewe.

Hata hivyo haitakuwa haki kudai kwamba sikio la Dar es Salaam limeota tu. Ujiji ni mji wa watu waliovuka ziwa. Wamanyema walikuja, wengine kama watumwa, wengine kama wapagazi na askari wa misafara. Wabwari na Wagoma nao asili yao ni ng'ambo. Wajukuu wao walizaliwa katika Kiswahili, wakakifanya lugha ya nyumbani, ya msikitini na ya sokoni. Kwa hiyo anayesikia Kongo katika sauti ya Ujiji huenda amesikia kitu cha kweli, nacho ni safari ya babu wa babu. Kosa lake laanza pale anapoisoma safari hiyo kana kwamba imefanywa jana, na kuifanya cheti cha uraia. Mzee wa Ujiji akijibu kwa hasira kwamba ukoo wake haukutoka Kongo kamwe, naye hukosea, maana amekubali kwamba asili ya ng'ambo ni aibu ya kukanwa.

Kwa kipimo hicho Kiswahili chenyewe kingebaki bila wenyewe. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, na wazazi wake walikuwa na asili ya Kiyao. Hakuna msomaji aonaye kwamba nathari yake ni ya mgeni. Wengi humwita baba wa lugha hii. Tofauti kati yake na mzee wa Ujiji si umbali wa asili, kwa kuwa wote wawili ni watu ambao jamaa zao walitoka kwingine na kuingia katika Kiswahili. Tofauti ni kwamba mmoja aliingia kupitia lahaja za mrima, zilizo jirani na Kiunguja, na mwingine kupitia mlango wa ziwani, ambao kamusi haikuupa nafasi sawa.

Hapo waandishi na waigizaji wana lao la kujibu. Lafudhi ni chombo kizuri cha sanaa, na msanii anayo haki ya kukitumia. Lakini mwigizaji atakayemtia mvuvi wa Ujiji batu badala ya watu, pamoja na neno moja la Kifaransa ili wasikilizaji wacheke, atakuwa amemchora mtu asiyekuwapo. Kifaransa hakikuwa lugha ya shule za Ujiji. Mchoro wa namna hiyo hufundisha, na aliyeucheka ukumbini huubeba hadi ofisini. Sanaa iliyo bora ingeanza kwa kusikiliza: nani katika hadithi ni mtu wa mjini Ujiji, nani ni Mha wa Kibondo, nani amevuka juzi, na kila mmoja anakisema Kiswahili namna gani.

Maana huko ofisini na barabarani kicheko hukoma. Mkoa wa Kigoma uliwapokea wakimbizi wa Burundi mwaka 1972 na tena mwaka 1993, na wa Kongo mwaka 1996, ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliendeshwa Kigoma, Kagera na Geita ili kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali. Serikali yoyote ina haki ya kuwajua raia wake. Lakini mahali ambapo Mha na Mrundi huelewana bila mkalimani, matamshi hayawezi kuwa shahidi. Tena mwaka uliofuata, 2014, Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa wale waliokimbia Burundi mwaka 1972, pamoja na watoto wao. Tangu siku hiyo mtu aweza kuwa na lafudhi ya Kirundi isiyo na shaka, naye akawa Mtanzania kamili. Basi sikio likikosea, humdhulumu raia. Na hata likipatia, halijasema lolote juu ya uraia wake.

Waswahili wana kipimo chao cha ugeni, nacho hakihusu sauti: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wa Ujiji walikwisha pewa jembe, kasia na nyavu kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Atakayemsikia mmoja wao na kutaka kujua kwao ni wapi, na amuulize, kisha asubiri jibu.