Mfanyabiashara Katika Ukumbi wa Taarabu

Imekuwa kawaida kusikia kwamba wafanyabiashara wajifunze kwa wasanii wa jukwaani. Aghalabu wanachoelekezwa ni mambo ya nje: tabasamu, mavazi, namna ya kusimama mbele ya watu. Kwa taarabu ya Unguja hayo hata hayafai kuwa mfano, maana mwimbaji wa makundi ya asili husimama karibu bila ya kujitikisa, akaiacha sauti ifanye kazi yake.

Kama pana darasa, limo katika kutunza. Mteja wa dukani hulipa, akaondoka. Mpenzi wa taarabu huinuka wimbo ukiwa katikati, akaenda mbele kwa mwendo wa mdundo, akatoa tunzo yake, akarejea kitini. Fedha hiyo si bei, ni neno. Pengine anamsifu mwimbaji, pengine anauchukua ubeti na kumrushia mtu mwengine aliyeketi pale pale ukumbini, na waliomo wote wakafahamu. Mwimbaji stadi huitambua ishara, akaurudia mshororo ule, na wapiga fidla na kanuni wakamfuata bila ya kuambiwa. Hakuna anayengojea mwisho wa onyesho ili ajue kama kazi imependeza. Lakini kufuatana huko hakuzuki ukumbini. Kunatokana na jioni nyingi za mazoezi, ambazo hakuna aliyekata tiketi kuzishuhudia. Ni gharama ambayo mshika daftari angekuwa wa mwanzo kuipunguza.

Na kweli imepunguzwa. Katika taarabu ya kisasa kinanda cha umeme kimeshika nafasi ya safu ya fidla. Kundi likawa dogo, na mapato yakagawiwa kwa wachache. Kwa daftari hilo ni faida. Kwa sikio ni hasara, ingawa si haki kuwabeza wa taarabu hiyo: wao ndio waliowainua watu vitini, na kumbi zao zilijaa. Kilichopotea ni ule uzito wa watu wengi kupumua pamoja katika bashirafu, kabla neno lolote halijatamkwa.

Nadi Ikhwan Safaa iliasisiwa mwaka 1905, ikatimiza miaka mia moja mwaka 2005. Imepita katika utawala wa masultani, katika Mapinduzi ya 1964, na katika kubadilishiwa jina. Ni maduka mangapi ya Mji Mkongwe yaliyodumu hivyo? Culture Musical Club, iliyoanza mwaka 1958, nayo ni klabu ya wanachama. Hazikudumu kwa ustadi wa kuuza, bali kwa kuwa mpiga udi aliihesabu klabu kuwa ni yake. Hapo ndipo wanaoyahubiria makampuni masomo ya jukwaa wanaponyamaza: wanamtaka mfanyakazi ajitolee kama mwanachama, wala hawana nia ya kumpa uanachama.

Isitoshe, mafunzo hayakwenda njia moja tu. Siti binti Saad wa Fumba, ambaye Shaaban Robert ameandika wasifu wake, aliuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, akivitembeza na kuvinadi kwa sauti. Mnadi hujifunza upesi ni neno lipi linalomfungulisha mtu mlango, na lipi linalompita. Hakujua kusoma, nyimbo alizihifadhi moyoni. Sauti ile iliyozoea kumfikia mnunuzi aliye ndani ya nyumba ndiyo iliyosafiri hadi Bombay mwaka 1928, pamoja na wapigaji wake, kwenda kurikodiwa katika sahani za santuri. Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa imezoea Kiarabu. Waliozinunua sahani za Siti walisikia Kiswahili chao, na habari za mitaa yao wenyewe.