Merikebu Iliyojaa Kila Kitu

Kitabu cha Familia ya Robinson ya Uswisi ni kazi ya mchungaji. Johann David Wyss alihudumu mjini Bern, akajaliwa wana wanne, na kwa ajili yao akatunga habari za baba, mama na wana wanne waliovunjikiwa merikebu wakaishi kisiwani. Alitaka wanawe wajifunze habari za viumbe, kazi za mikono, na zaidi ya yote kumtegemea Mungu. Mwanawe Johann Rudolf aliutengeneza mswada huo na kuuchapisha mwaka 1812. (Robinson si jina la ukoo wao. Limeazimwa kwa Robinson Crusoe wa Daniel Defoe, aliyetangulia mwaka 1719.) Basi tunakisoma kama tunavyosikiliza mahubiri, tukiuliza ni Mungu wa namna gani anayehubiriwa humo.

Ni Mungu asiyechelewa. Mabaharia wamekimbia na mashua zote, lakini merikebu imekwama kwenye miamba ikiwa imejaa zana, mbegu, baruti, ng'ombe, punda, mbuzi, kondoo na kuku. Familia inakata mapipa, inayaunganisha kuwa chombo, na kuvusha mali safari baada ya safari. Kisiwani wanakuta pengwini na kangaruu pamoja, jambo ambalo mwalimu yeyote wa biolojia angelitilia alama nyekundu. Kila njaa ina tunda lake, na kila tunda baba analijua. Hasara tunayoikumbuka zaidi ni punda aliyemezwa na nyoka mkubwa.

Hapa ndipo tunapotofautiana na mtumishi mwenzetu. Kumshukuru Mungu wa merikebu iliyojaa si kazi ngumu. Katika Kutoka 16 Israeli walipewa mana ya siku moja, na iliyowekwa hadi asubuhi ikaoza. Tena tunao katika sharika zetu watu waliosali kwa machozi na hakuna pipa lililoelea kuwafikia. Tukiwapa watoto wao kitabu hiki kiwe fundisho la maongozi ya Mungu, watahesabu ghala la jirani aliyejaliwa, kisha la kwao, na watajiuliza wazazi wao walikosea wapi katika kusali.

Filamu ya mwaka 1940, isiyojulikana sana siku hizi, iliona tatizo hili vizuri kuliko kitabu. Humo baba anaihamisha familia kutoka London ili kuwaepusha wanawe na anasa za mji. Mama, aliyeigizwa na Edna Best, hafurahii kisiwa. Anataka kurudi nyumbani na anamwambia mumewe hivyo waziwazi. Wengine wataona huo ni upungufu wa imani. Sisi tunasikia sauti ya Zaburi ya 13, inayomuuliza Bwana hata lini. Mama wa Wyss ni hodari na mwema, ila mchungaji hakumpa nafasi ya kulia.

Filamu ya Disney ya mwaka 1960, iliyopigwa kisiwani Tobago, ndiyo wengi waliyoiona. Wana wamekuwa watatu, maharamia wameongezwa, na nyumba ya juu ya mti ni nzuri hata mtu anaitamani kuliko kuokolewa. Inachangamsha, na watoto waitazame. Lakini hofu yote imehamishiwa kwa maharamia, na maharamia hufukuzwa kwa mitego na magogo yanayoviringishwa mlimani. Swali la Mungu halina tena mahali pa kukaa.

Hata hivyo kuna mazungumzo mafupi kitabuni ambayo tungependa kila filamu iyapiganie. Baba na Fritz, mwana mkubwa, wanatembea ufukweni wakitafuta dalili za mabaharia. Fritz anauliza kwa nini wahangaike na watu waliowaacha wafe. Baba anajibu kwamba ubaya haulipwi kwa ubaya, kwamba huenda wanahitaji msaada, na kwamba vitu vilivyotolewa merikebuni ni haki yao pia. Kwa jibu hilo moja ghala lote linabadilika: kilichoonekana kuwa zawadi ya familia moja kinakuwa amana ya wote waliosafiri. Luther, akieleza mkate wa kila siku katika Katekisimo Ndogo, aliwataja majirani wema kuwa sehemu ya mkate huo. Kisiwa cha Wyss kina kila kitu isipokuwa hao, na kwa dakika chache baba anaonekana kulijua hilo.

Katika Matendo 27 pia mabaharia walitaka kutoroka na mashua. Paulo alisema wasipobaki merikebuni, wengine hawataokoka; askari wakakata kamba, mashua ikaanguka. Luka alijali kuandika hesabu ya waliokuwa merikebuni, na mabaharia wale wamo: nafsi 276.