Pongezi kwa Wanasihi wa Mtandaoni

Pongezi ziwaendee wanasihi wa Marekani wanaowatibu vijana wenye msongo mzito kwa njia ya video. UVIKO-19 ilipofunga milango ya kliniki mwaka 2020, hawakuwaacha wagonjwa wao. Walihamishia vikao mtandaoni.

Kijana aliyetoka wodini karibuni, au ambaye saa moja ya unasihi kwa wiki haimtoshi, hupata takriban saa 9 za huduma kwa wiki, kwa kawaida kwa siku 3: vikao vya kundi, mazungumzo ya faragha na mtaalamu, na vikao vya familia. Wengi hufundishwa stadi alizobuni mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Seattle za kutuliza hisia na kustahimili dhiki bila kujidhuru. Linehan mwenyewe alilazwa hospitali ya akili akiwa binti, akalisema jambo hilo hadharani mwaka 2011.

Kazi hii inataka umakini. Kabla ya kikao, mnasihi huhakikisha anajua kijana yuko wapi, ili msaada umfikie ikitokea dharura. Kwa anayeishi mashambani Montana, mbali na kliniki, huduma hii ni uhai.