Kutisha bila Kuogofya: Tatizo la Kisawe Kimoja

Kuvikusanya vitenzi vya Kiingereza ‘frighten’, ‘daunt’ na ‘unnerve’ chini ya kisawe kimoja, kutisha, ni kupotosha. Mkulima wa Robanda, wilayani Serengeti, anayepiga madebe usiku kulinda mtama, aweza kusema amemtisha tembo lakini tembo hakuogopa. Kauli hiyo haijipingi, kwani kutisha hutaja tendo tu, hata likishindwa. Kuogofya, kinyambuliwa cha kuogopa ambamo /p/ hugeuka /fy/, hudai tokeo: aliyeogofywa ameogopa. Hicho ndicho kisawe cha ‘frighten’. ‘Daunt’ huenda mbali zaidi. Hudhoofisha nia, nayo nia Kiswahili huiweka moyoni: kumvunja mtu moyo. Kwa ‘unnerve’, kumtia kiwewe kunafaa zaidi. Aliyetiwa kiwewe huenda bado ana nia, ila amepoteza utulivu wa kuitekeleza.